Jiwe Chini ya Tairi

Stesheni ya Kintinku iko juu ya mlango,
mlango wa mninga nilioung'oa jikoni
nikaulaza juu ya matofali sita, sebuleni, Chang'ombe.
Reli ninayo. Kichwa ninacho, na mabehewa manne:
daktari wa Mvumi aliniachia siku alipofunga virago,
akasema, wewe ulishika bendera na taa, chukua.
Mkunazi nimeusuka kwa waya wa simu.
Udongo ni udongo wenyewe,
nimeuchekecha kwa chujio la chai.
Kilichobaki ni magari.

Hapa kila kitu kimepungua mara mia na sitini.
Kwa hiyo natembea na mtu wangu mfukoni,
kipande cha njiti nilichokichonga kichwa na mabega,
Bwana Stesheni, urefu wake punje mbili za mtama.
Sokoni Majengo namsimamisha kando ya kila gari:
anafika kwenye kitasa?
Hafiki hata kwenye nati ya tairi.
Gari jekundu, miali ya moto ubavuni,
gurudumu pana kuliko dirisha la tiketi.
Hili likipita Kintinku tutazikana.
"Mzee, mtoto ana umri gani?"
"Sitini na tisa," nikamjibu, "na anachagua."

Nimekwenda Sabasaba. Nimekwenda Barabara ya Sita
hadi wauza saa wakanijua kwa rula yangu.
Ambulensi inayolia ipo. Helikopta ipo.
Hakuna mwenye lori la ushirika la mwaka themanini na tatu,
bodi la mbao, turubai lenye kiraka,
lililosubiri behewa mpaka karanga zikachipua magunia.
Nikalichonga mwenyewe kwa sabuni ya mche.
Usiku panya akalila,
kebini, injini, na shehena yote.
Alfajiri nikakuta ekseli mbili za pini
na povu kidogo pale lilipovuja beseni.

Kisha, kwa mchonga funguo, nje ya stendi,
kwenye msumari, kati ya mioyo na mipira ya plastiki,
Land Rover ndefu. Milimita ishirini na nane.
Nilipima mara tatu, mkono ukitetemeka.
Bwana Stesheni akasimama, kitasa kikamfika kiunoni.
"Haiuzwi bila kufuli," akasema kijana.
Nikanunua kufuli nisilokuwa na mlango wa kulifunga.

Nikakata mnyororo. Nikaua mng'ao kwa jivu na chaki,
nikapaka kijani cha serikali, kile kilichochuja,
taa moja nikaitoboa kwa sindano.
Vumbi la Bahi kwenye mapaja ya matairi.
Nikaiweka mbele ya ofisi, sambamba na ukuta.
Ilikuwa sahihi, na ilikuwa ya uongo.
Siku nne naizunguka, sijui imekosa nini.

Nyemo, dada yangu, akaja na mlenda,
akainama, miwani ikining'inia puani.
"Si gari la Lameki bwana shamba hili?"
"Ndilo."
"Mbona umeliegesha tambarare?
Lameki na tambarare wapi na wapi!
Lile halikuwaka bila kusukumwa.
Alikuwa analiacha kule mteremkoni, pua chini,
na jiwe."

Jiwe.
Miaka arobaini nilikuwa nimelisahau jiwe,
nami ndiye niliyeliondoa mara ngapi,
bendera kwapani, Lameki akipiga kelele, sasa! sasa!
na gari linaanza kujikokota bila sauti
kuelekea kwenye reli zangu.

Nililitafuta uani kwa kibano cha nyusi.
Chembe ya mchanga, yenye upande mmoja bapa.
Nikaigeuza Land Rover, nikaipeleka mteremkoni,
nikasukuma chembe chini ya tairi la nyuma, kushoto.

Jioni hiyo nikawasha treni.
Ilipopinda kutoka upande wa Saranda
nilijikuta nimesimama, kisigino kwa kisigino,
na mkono wangu mtupu umeinuka,
jicho likiwa kwenye lile jiwe.